Namna ya Kuwaona Pomboo, Sili na Pengwini Ndani ya Fiordi za Nyuzilandi

Boti za Milford Sound huondoka gatini zimejaa watu waliokuja kutazama milima. Hazijafika mbali, simu zote zimeshaelekezwa juu: kwenye kilele cha Mitre Peak chenye urefu wa mita 1,692, na kwenye maporomoko ya Lady Bowen yanayoanguka zaidi ya mita 160. Upande wa pili wa sitaha, usiotazamwa na mtu, pezi jeusi linatokeza majini, linazama, linatokeza tena. Abiria wawili watatu wanaliona. Waliobaki wanapata habari kwenye kipaza sauti, na wakishakimbilia upande huo pomboo amekwenda zake.

Bahati ina nafasi yake baharini, lakini wale wawili watatu mara nyingi wana kitu kingine: wanajua pa kutazama. Fiordi haiwatawanyi wanyama ovyo. Inawaweka mahali pachache, kwa sababu zinazoeleweka, na mtu akishazielewa macho yake hufika pale kabla mnyama hajajitokeza.

Mwongozo huu unahusu Fiordland, pembe ya kusini-magharibi ya Kisiwa cha Kusini cha Nyuzilandi, ambako hifadhi ya taifa yenye zaidi ya hekta milioni 1.2 imekuwapo tangu 1952. Fiordi mbili za huko ndizo zinazopokea wageni wengi: Milford Sound, ambayo Wamaori huiita Piopiotahi, na Doubtful Sound, au Patea.

Maji yaeleweke kwanza

Fiordi ni bonde lililochongwa na barafuto, ile mito ya barafu inayotambaa polepole kwa maelfu ya miaka. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikaingia na kulijaza bonde. Kwa hiyo kuta zake hazikomi kwenye uso wa maji. Zinaendelea kushuka wima hadi gizani. Milford ina kina cha karibu mita 290, na Doubtful hupita mita 400. Ufuo ni haba sana. Sili anayetaka kuota jua, au pengwini anayerudi kiotani, hana kilomita za mchanga za kuchagua. Ana mwamba huu na ule, na mdomo wa kijito kimoja kimoja.

Jambo la pili ni mvua. Milford hupata wastani wa zaidi ya milimita 6,400 kwa mwaka, takriban mara sita ya mvua ya Dar es Salaam. Maji hayo hupita kwenye majani na mizizi ya msitu, yakachukua tanini, yakaingia fiordini mekundu kama chai ya rangi. Kwa kuwa ni mepesi kuliko maji ya chumvi, hayachanganyiki upesi. Hutanda juu kwa tabaka la mita chache, na baada ya mvua kubwa tabaka hilo huwa nene zaidi.

Chini ya tabaka hilo mwanga hupungua ghafla, na viumbe waliozoea vilindi husogea karibu. Matumbawe meusi, ambayo kwingineko hutafutwa kwenye kina kirefu, hapa hupatikana hata kwenye kina kisichofika mita 15. (Jina lisimpoteze mtu: kiunzi chake ndicho cheusi, lakini nyama hai inayokifunika ni nyeupe.) Uhai mwingi wa fiordi umebanana kwenye mita 40 hivi za juu za ukuta. Samaki hufuata ukuta, na wanaokula samaki hufuata samaki.

Hapo ndipo inapotoka kanuni ya kwanza ya mtazamaji: anza na mstari ambapo mwamba unakutana na maji. Katikati ya fiordi panapendeza kwa picha, lakini kingo ndizo zenye wenyeji. Baada ya kingo, mahali pawili pengine panastahili macho: midomo ya mito na ghuba ndogo za pembeni, kisha mdomo wa fiordi yenyewe, pale Bahari ya Tasman inapoanza na ndege wa bahari kuu wanapokaribia nchi kavu.

Sili: tafuta jiwe linalojikuna

Sili wa manyoya wa Nyuzilandi, kekeno kwa Kimaori, ndiye mnyama ambaye msafiri ana matumaini makubwa zaidi ya kumwona, mwezi wowote wa mwaka. Milford wana mwamba wao, Seal Rock, upande wa kuelekea baharini. Doubtful wako kwenye visiwa vidogo vya Nee, karibu na mdomo. Wanaolala Seal Rock wengi ni madume vijana ambao bado hawana ubavu wa kushindana na wakubwa kwenye makoloni ya kuzalia.

Tatizo ni kwamba sili mkavu anafanana na mwamba anaoulalia. Manyoya yakikauka huwa ya kijivu na kahawia, na mwili mnene haujongei hata kidogo. Aliyetoka majini sasa hivi ndiye mweusi anayeng'aa. Kwa hiyo usitafute mnyama. Tafuta jiwe lililoviringana kuliko mengine, kisha subiri. Baada ya muda jiwe litajikuna. Shingo itainuka, pua iliyochongoka itaelekea juu, na kwa darubini yataonekana masikio madogo yaliyokunjika ubavuni mwa kichwa. Ukishampata wa kwanza, usihame haraka. Mara nyingi wako watano au kumi jirani yake ambao jicho lilikuwa limewapita.

Majini sili ana tabia inayowatia watu wasiwasi. Hulala ubavu au chali, akanyanyua pezi moja hewani na kuliacha hapo kwa dakika kadhaa. Anarekebisha joto la mwili wake, hazami wala hajaumia. Kwa mbali pezi hilo linaonekana kama tawi lililokwama, na ndiyo sababu kila "tawi" lililosimama wima juu ya maji linastahili kutazamwa mara ya pili.

Wanyama hawa walikaribia kumalizwa. Wawindaji wa ngozi waliweka kambi Dusky Sound, kusini zaidi ya Doubtful, mwaka 1792, na katika miongo michache makoloni mengi yakabaki miamba mitupu. Sheria ya kulinda mamalia wa bahari ya mwaka 1978 iliwapa ulinzi kamili, na tangu hapo wamekuwa wakirudi. Sili anayelala bila kuinua kichwa boti inapopita ni mafanikio makubwa ya uhifadhi, na kila abiria ana wajibu wa kutoyaharibu.

Pomboo: tazama mbele ya pale alipozama

Doubtful Sound ina kundi lake la pomboo wenye pua kama chupa, wanaoishi humo mwaka mzima. Ni kundi dogo, la pomboo wapatao 60 au 70, na ni miongoni mwa makundi ya jamii hiyo yaliyo kusini kabisa duniani. Maji ya huko ni baridi na miili yao ni mikubwa kuliko ya wenzao wa maji ya joto. Aliyewahi kuwaona pomboo wa Kizimkazi, Unguja, ambao ni jamaa zao wadogo, atashangazwa na upana wa mgongo unaotokeza.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago wamewafuatilia tangu miaka ya 1990, wakiwatambua mmoja mmoja kwa mikato na makovu ya pezi la mgongoni. Kutokana na kumbukumbu hizo David Lusseau na wenzake walichora mtandao wa nani anaandamana na nani miongoni mwa pomboo 62, na mtandao huo hadi leo hutumiwa na wataalamu wa hesabu na kompyuta kama mfano wa kufundishia. Ni jambo la kufikiriwa na yeyote anayesimama sitahani: lile pezi lililotokeza lina historia, lina mama na lina marafiki wanaojulikana.

Milford pomboo huja na kuondoka. Wenye pua ya chupa huingia wakatoka, na mara nyingine huingia pomboo wa kijivu wadogo zaidi, wasio na pua ndefu, wanaopenda kuruka juu mzima mzima. Njia rahisi ya kuwatofautisha ni uso: pua iliyotokeza wazi ni ya yule mkubwa, uso uliokatika ghafla ni wa yule mdogo.

Dalili huja kabla ya pezi. Ndege wanaozunguka na kujitosa mahali pamoja wanaonyesha samaki. Kiraka cha maji kinachochafuka wakati kwingine kumetulia kinasema kuna kitu chini. Boti nyingine iliyopunguza mwendo bila sababu ya maporomoko nayo ni dalili, na mabaharia huitazama hiyo kuliko kitu kingine. Pomboo akishaonekana, usigandishe macho pale alipozama, kwa maana hatarudi hapohapo. Angalia alikuwa anaelekea wapi, kisha sogeza macho mbele kwenye mstari huohuo.

Pengwini: kalenda ndiyo inayoamua

Msomaji wa Afrika Mashariki huenda akadhani pengwini ni mambo ya barafu. Tawaki, pengwini wa Fiordland mwenye nyusi za manjano, ni mnyama wa msitu wa mvua. Hutaga chini ya magogo na kwenye mapango ya mizizi, akishuka baharini kwa kurukaruka juu ya miamba inayoteleza. Ana urefu wa karibu sentimita 60, mgongo mweusi, kifua cheupe, na mstari wa manjano unaoanzia kwenye mdomo hadi nyuma ya jicho.

Msimu wake wa kuzaa huanza Julai na vifaranga huondoka kati ya mwisho wa Novemba na mwanzo wa Desemba. Kisha pengwini wakubwa huenda bahari kuu kujinenepesha. Waliofungwa vifaa vya kufuatilia walionyesha kwamba baadhi husafiri zaidi ya kilomita 6,000 ndani ya wiki chache tu. Hurudi kubadilisha manyoya kati ya Januari na Machi, halafu hupotea tena. Anayemtaka tawaki, basi, apange safari kati ya Septemba na Novemba. Majira hayahitaji kupinduliwa kwa msomaji wa Tanzania, maana Nyuzilandi nayo iko kusini mwa ikweta: Julai ni baridi Makete na ni baridi Milford, ila ya Milford ni kali zaidi.

Milford ina faida moja hapa. Wakati wa kulea, pengwini wa Harrison Cove hutafuta chakula ndani ya fiordi yenyewe, hawalazimiki kwenda mbali baharini. Tazama miamba ya chini karibu na vijito, hasa yenye michirizi myeupe ya kinyesi inayoshuka hadi majini. Michirizi hiyo ni njia yao ya kila siku. Asubuhi na jioni ndizo saa za kupishana, wengine wakitoka na wengine wakirudi na matumbo yaliyojaa.

Kuna pia kororā, pengwini mdogo kuliko wote duniani, mwenye uzito wa kilo moja hivi. Huyu huonekana zaidi akielea, mwili karibu wote ukiwa chini ya maji, kichwa cha samawati kikitokeza tu. Akisikia boti karibu huzama, na ndiyo sababu ni vigumu kumpiga picha nzuri.

Nyangumi huonekana mara chache na hakuna nahodha mwaminifu atakayewaahidi. Albatrosi wana uwezekano mkubwa zaidi, ikiwa boti inafika mdomoni na upepo unavuma kutoka baharini: tafuta mabawa marefu yasiyopigwa, yanayoteleza juu ya mawimbi.

Milford au Doubtful?

Milford inafikika kwa barabara, karibu kilomita 120 kutoka mji wa Te Anau, na safari ya boti huchukua saa mbili hivi. Inafaa kwa mwenye siku moja, mwenye watoto wadogo, au anayetaka sili kwa uhakika. Kasoro yake ni msongamano: mabasi kutoka Queenstown, mwendo wa saa nne na zaidi, hufika karibu wakati mmoja katikati ya mchana.

Doubtful haina barabara ya kawaida. Msafiri huvuka Ziwa Manapouri kwa boti, hupanda basi kuvuka njia ya mlima ya Wilmot Pass, kisha huingia boti ya pili Deep Cove. Ni siku nzima, na gharama iko juu. Lakini fiordi ina urefu wa kilomita 40, boti ni chache, na pomboo ni wenyeji. Kwa anayekwenda hasa kwa ajili ya wanyama, Doubtful ndiyo chaguo bora, na boti zinazolala huko usiku kucha zinampa alfajiri na magharibi, saa ambazo wa siku moja hawazipati. Mwenye fedha za safari moja tu asione vibaya kuchagua Milford ya asubuhi, ataona mengi.

Kabla ya siku ya safari

1. Shughulikia viza mapema. Wenye pasipoti za Tanzania na Kenya wanahitaji viza ya kutembelea Nyuzilandi. Safisha pia viatu vya kutembelea porini kabla ya kufunga mizigo: udongo na vyakula lazima vitajwe kwenye fomu ya kuingilia nchini, na maofisa huvikagua kwa makini.

2. Chagua boti ya kwanza ya asubuhi au ya mwisho ya alasiri. Siku za jua za kiangazi upepo huingia fiordini mchana na kuchafua uso wa maji, na juu ya maji yaliyochafuka pezi halionekani. Asubuhi kwa kawaida hutulia.

3. Pendelea boti ndogo. Hupita karibu na ukuta, na sitaha yake iko chini, karibu na maji.

4. Tafuta darubini ya 8x42. Yenye kukuza mara 10 au 12 inavutia dukani, lakini juu ya boti inayotikisika hukuza na mtikisiko pia.

5. Jaza mafuta Te Anau. Sehemu kubwa ya barabara ya Milford haina mtandao wa simu, na kabla ya kushuka fiordini kuna tundu la Homer Tunnel lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja. Wakati wa baridi maporomoko ya theluji huifunga njia na magari hutakiwa kubeba minyororo ya magurudumu. Angalia taarifa ya barabara asubuhi hiyohiyo.

6. Mwenye kuchafukwa na bahari ameze dawa saa moja kabla ya kupanda, baada ya kumuuliza mfamasia. Ndani ya fiordi maji mara nyingi ni tulivu. Mdomoni, mawimbi ya Tasman hayana huruma.

Ukiwa botini

1. Keti nje. Kioo chenye ukungu na matone kinaficha wanyama. Sitaha ya juu, upande wa omo, inafaa kutazama mbali. Wanyama wakishakaribia, shuka sitaha ya chini.

2. Muulize baharia swali moja la wazi: leo wameonekana wapi? Boti huwasiliana kwa redio, na swali hilo la upole hufungua mdomo wa mtu anayeijua fiordi kama nyumba yake. Uliza pia mtafuata ukuta upi mkienda na upi mkirudi.

3. Anza na macho matupu. Darubini inaona mbali lakini eneo jembamba. Pitisha macho polepole kutoka kushoto kwenda kulia kwenye mstari wa mwamba na maji, kisha rudi kupitia maji ya kati, kisha mbali. Usitafute umbo la mnyama. Tafuta kinachovunja mpangilio: weupe usiofuata wimbi, weusi unaorudi.

4. Jifunze lugha ya saa. Nahodha akitangaza mnyama yuko kwenye "kumi na moja", anataja uso wa saa ya ukutani, wala si saa za Kiswahili. Namba 12 iko omoni, 3 iko mkono wa kulia, 6 iko tezini. Kumi na moja, basi, ni mbele kidogo kushoto.

5. Ukimwona mnyama, usiondoe macho. Nyoosha mkono kumwelekea, mwambie aliye karibu, kisha inua darubini hadi kwenye macho bila kutazama chini. Anayeinama kutafuta darubini mkobani huinuka hajui tena palikuwa wapi.

6. Wakati wa kurudi baki nje. Abiria wengi hukimbilia chai boti ikigeuka mdomoni, kana kwamba onyesho limekwisha. Boti nyingi hurudi kwa ukuta wa pili, ambao bado hujautazama.

KISANDUKU: Umbali ambao sheria na taratibu zinautaka

• Sili aliye nchi kavu: kaa angalau mita 20 kutoka kwake. Usisimame kati yake na maji kamwe. Hiyo ndiyo njia yake ya kukimbilia.

• Nyangumi: boti isisogee chini ya mita 50. Nyangumi mkubwa mwenye ndama: mita 200.

• Ndani ya mita 300 kutoka kwa pomboo au nyangumi: mwendo wa polepole usiotoa mawimbi, na vyombo visizidi vitatu.

• Boti hukaribia kutoka ubavuni au nyuma kidogo. Haikati kundi, haizibi njia ya mbele.

• Hakuna kuogelea na pomboo wenye watoto. Hakuna kuwalisha wala kuwatupia kitu.

• Ndege zisizo na rubani haziruhusiwi kurushwa ndani ya hifadhi ya taifa bila kibali.

• Doubtful Sound ina maeneo yaliyotengwa kando ya kingo ili pomboo wapumzike bila boti. Boti ikipita mbali na ukuta hapo, nahodha anafanya kazi yake vizuri.

Kanuni hizi zina sababu inayoonekana kwa macho. Pomboo wanaosumbuliwa huacha kupumzika, huzama kwa muda mrefu zaidi na kubadili njia. Katika kundi la pomboo wasiofika mia, wakubwa kwa wadogo, kila saa ya kupumzika inayopotea ina uzito. Wanaojua Kizimkazi wanaelewa: boti kadhaa zikiwazunguka pomboo na watu wakijirusha majini, wanyama huondoka, na mgeni aliyelipa fedha hubaki akitazama maji matupu. Boti isiyo na haraka ndiyo ambayo pomboo huja wenyewe kuogelea mbele ya omo yake.

Makosa ya kawaida

Kosa linaloongoza ni kuishika simu muda wote. Kioo cha simu humfanya pomboo wa mita tatu kuwa nukta, na mpigaji hukosa vyote viwili, picha na mnyama. Tazama kwanza mizunguko miwili mitatu ya kutokeza na kuzama; ukishauelewa mwendo wake, elekeza kamera mbele ya pale atakapotokea na upige picha nyingi mfululizo.

La pili ni kelele. Kupiga mbinja, kupiga makofi au kugonga ubavu wa boti ili sili "ageuke kidogo" humwondoa mwambani, na ni kinyume cha kanuni.

Wapo wanaofuta safari kwa sababu ya mvua. Hilo nalo ni kosa. Wanyama wamekwisha kulowa tayari, mamia ya maporomoko ya muda huzuka kwenye kuta, na mwanga wa mawingu hauakisi machoni. Kinachostahili kuogopwa ni upepo mkali, kwa kuwa huo ndio unaoficha mapezi.

Na usubi usidharauliwe. Wa Fiordland, namu kwa Kimaori, hausambazi ule ugonjwa wa macho unaojulikana kwetu, lakini unauma kwelikweli gatini na kwenye maegesho. Boti ikishashika mwendo hupungua.

Orodha ya mkobani

☐ Koti la mvua lenye kofia, na sweta hata kiangazi
☐ Darubini yenye mkanda wa shingoni
☐ Kitambaa kikavu cha kufutia lenzi
☐ Miwani ya jua ya kupunguza mng'ao wa maji
☐ Viatu visivyoteleza
☐ Dawa ya kufukuza usubi
☐ Dawa ya kichefuchefu, kwa anayeihitaji
☐ Maji na kitafunio
☐ Kalamu na daftari dogo: saa, mahali, mnyama, alikuwa anafanya nini

Ikiwa mapezi hayakutokeza

Kuna siku ambazo pomboo wako fiordi ya jirani na pengwini wako bahari kuu. Anayezuru Milford aulize wakati wa kukata tiketi kama safari yake inaweza kujumuisha chumba cha kutazamia chini ya maji kilichoko Harrison Cove. Mgeni hushuka ngazi hadi karibu mita 10, akapita lile tabaka la maji ya tanini, akatazama kupitia madirisha matumbawe meusi na samaki wa ukutani wakiwa kwenye makazi yao. Pale ndipo anapoona chakula cha wanyama wote aliokuwa akiwatafuta juu. Nafasi hujaa haraka miezi ya Desemba hadi Februari, kwa hiyo ni vizuri kuiomba pamoja na tiketi ya boti badala ya kusubiri kufika gatini.